Buyu la Mkamwana

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Babu yenu amewatupia maneno hayo, akanawa mikono, akaenda zake kulala. Ndiyo kawaida yake. Yeye huwasha moto, halafu kupika ananiachia mimi. Na wewe, Zengo, mjukuu wangu na mume wangu, naona umenuna. Umetoka mjini na mkeo kuja kunisalimu, mmekaa tangu jana mnanieleza jinsi mshahara unavyokatika kabla ya mwezi kwisha, na kwamba hamlewi, hamchezi kamari, hamnunui hata nguo mpya, na mzee anawajibu kwa habari za asali. Unadhani amekuita mlafi.

Hakukuita mlafi. Agripina, mke mwenzangu, nisogezee huo ungo tuchambue choroko huku nikisema, maana mikono ikikaa bure na ulimi wangu huchoka. Watu wengi huisema methali hii kwa kumnyooshea kidole mwizi au mtu wa tamaa. Hawajui ilikotoka. Chanzo chake ni nyumba moja ya watu waangalifu kabisa, waliojua kuweka, na mimi niliposimuliwa na bibi yangu nilikasirika siku nzima kwa ajili yao.

Zamani hizo, kabla ya maduka na barabara, huko ndani kwenye misitu ya miombo, aliishi mrina asali akiitwa Lugusha. Mkewe alikuwa Kalunde. Walikuwa na mtoto wa kiume, Mihayo, aliyekwisha kuwa kijana wa kuoa, na kitinda mimba wa kike aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Pamoja nao alikaa mama yake Lugusha, Bibi Sizya, mwanamke mkongwe asiyebakiwa na jino hata moja, lakini ulimi ulikuwa mzima.

Nyumba hiyo ilisifika kwa kujua kutunza. Kalunde alipima unga kwa kata, na baada ya kupima alirudisha konzi moja ghalani, awe na wageni au asiwe nao. Ukoko wa ugali aliuanika juani akautwanga, ukawa uji wa kesho. Majivu ya jikoni hakuyamwaga, aliyahifadhia mbegu za kunde zisiliwe na wadudu. Lugusha naye hakubadili jembe mpaka la zamani limelika likawa dogo kama kijiko. Jirani yao Kasanda, ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja, alipenda kuwacheka kwamba kwao hata kivuli kinapimwa. Lakini miezi ya njaa ilipofika, ghala la Kasanda lilikuwa linapiga mwangwi na la Lugusha lilikuwa na akiba.

Sasa, watu wa kijiji hicho walikuwa na desturi. Kijana akichumbia, baba yake alichagua buyu kubwa, akalijaza asali ya mizinga yake mwenyewe mpaka shingoni, akaliziba kwa nta na kulitundika kwenye boriti. Liliitwa buyu la mkamwana. Siku ya kumchukua bibi harusi lilishushwa likapelekwa kwao, baba wa binti akaibandua nta mbele ya watu, na jamaa zake wote wakaonja. Mahari ilikuwa kitu kingine, mbuzi na majembe. Buyu lilikuwa ushahidi. Lilisema kwamba nyumba hii inaweza kukaa na kitu kitamu juu ya vichwa vyao msimu mzima wasikile, kwa hiyo binti atakayeingia humo hatalala njaa.

Na palikuwa na mwiko. Buyu likishatundikwa halishushwi, halinyanyuliwi wala halitikiswi mpaka siku yake. Walisema anayelipima buyu anampima mkamwana, na mkamwana aliyepimwa kabla hajafika hataingia kwa heri. Nadhani wazee walioweka mwiko huo walitaka kuwazuia watu wasilichezee. Mwiko mzuri. Ila uliwazuia pia kujua lina nini ndani.

Mwaka ambao Mihayo alimchumbia Nyamizi, binti wa Mzee Ntabo wa ng'ambo ya mbuga, nyuki walikuwa wamefanya kazi vizuri. Lugusha alichagua buyu kubwa kuliko yote, akalijaza, akalitundika juu ya kitanda cha mama yake, maana Bibi Sizya ndiye aliyepewa ulinzi. Alipoteremka mikono ilikuwa inamtetemeka kwa uzito. Harusi ilipangwa baada ya mavuno ya mwaka unaofuata.

Aliyefurahi kuliko wote ni Bibi Sizya. Kwao, uji wa kwanza anaoupika mkamwana hupelekewa mtu mkongwe kuliko wote nyumbani, na yeye alikuwa anaungoja uji huo tangu Mihayo anaota meno. Alikuwa akilala chali, akilitazama buyu, akisema, "Nikishakunywa uji wa mkono wa mke wa Mihayo, mauti yakiniita nitaitika. Kabla ya hapo yaniache." Kalunde alicheka kila mara. Lakini kikongwe hakuwa anatania, na wote walijua.

Siku moja, Kalunde akiwa shambani na Bibi Sizya nje anaota jua, alipita rafiki wa Lugusha, mtu ambaye zamani alimbeba mgongoni kutoka msituni siku alipoanguka mtini na kuvunjika mguu. Hakuwa mgeni wa kukaa mpaka apewe jembe, alikuwa njiani tu. Nyumbani palikuwa na viazi vya jana, vimepoa, basi. Lugusha aliona aibu. Mtu aliyekubeba mgongoni unampa kiazi kikavu, na wewe ni mrina asali! Aliingia ndani akapanda kitandani kwa mama yake, akaibandua nta kwa ncha ya kisu, akaingiza kijiti kwenye shingo ya buyu. Hakulinyanyua wala hakulishusha. Mwiko haukutaja kijiti. Alichovya, akadondosha kwenye bakuli, akachovya tena kidogo, kisha akaipasha nta kwa kiganja na kuirudisha mahali pake. Mgeni alikula akamshukuru sana.

Hapo Lugusha hakuwa na kosa la kumfanya mtu amlaani. Jioni aliingia kumjulia hali mama yake, akalitazama buyu. Lilikuwa lile lile, limening'inia vile vile, kubwa vile vile. Basi moyo wake ukatulia, na moyo uliotulia haukumbuki. Mgeni mwingine alipokuja, kijiti kilijua njia. Na baadaye hata bila mgeni, akirudi msituni amechoka, kijiti kimoja tu cha kuondoa uchovu.

Mvua za kwanza zilipoanza, mtoto mdogo alishikwa na kikohozi. Kalunde alimpa majani, hayakusaidia. Akalitazama buyu. Nta ilikuwa nzima, laini, haina alama. Alijisemea, "Mimi ndiye wa kwanza kuligusa, Mungu anisamehe, lakini mtoto anakohoa." Akachovya, na yeye akaziba.

Mnaona walipokosea? Kosa hilo wasingelifanya watu wa kazi nyingine. Hao walizaliwa ndani ya nta. Kila mmoja wao aliweza kuziba buyu hata nyuki mwenyewe asingejua kwamba limefunguliwa. Kwa hiyo kila aliyepanda juu ya kile kitanda alikuta nta nzima, akaamini kwamba yeye ni wa kwanza na wa pekee, na kwamba kijiti kimoja katika buyu kubwa kama lile ni sawa na kuchota maji ziwani. Kama wangekuwa wazembe wa kuziba, wangegunduana mapema, wakagombana, na buyu lingepona. Wangekuwa wamelinyanyua hata mara moja, mikono ingewaambia. Lakini mwiko ni mwiko.

Na huku Kalunde akichovya, bado alikuwa anarudisha konzi lake la unga ghalani kila siku. Hilo ndilo linalonichoma mimi. Walibana kila kilichopimwa. Kisichopimwa kikapita katikati ya vidole vyao.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Miti ilitoa maua machache, na Lugusha alipozungukia mizinga yake aliikuta mingi imehamwa, mingine ina masega makavu. Alirudi nyumbani na nta bila asali. Mkewe alipomtazama usoni akaanza kuogopa, lakini Lugusha alimwambia, "Usihofu, mama Mihayo. Mwaka huu hatutauza wala hatutakula. Buyu la mkamwana lipo." Kalunde akaitikia ndiyo, lipo. Na kwa kweli lilikuwepo.

Siku ya kumfuata bibi harusi ikafika. Asubuhi hiyo Bibi Sizya alikuwa amenyolewa, amepakwa mafuta, amevaa ushanga wake wa ujana, ametolewa nje na kukalishwa kwenye ngozi karibu na mlango ili awe wa kwanza kumwona mkamwana akiingia uani jioni. Lugusha na Mihayo waliingia kulishusha buyu. Lugusha alijiandaa kama mtu anayejiandaa kupokea mzigo, miguu ameitanua, Mihayo akafungua kamba.

Buyu likamjia kifuani kama tupu.

Alitoka nalo nje. Akalitikisa. Ndani kitu kidogo kilijivuta polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kisha kimya. Kalunde aliacha kumfunga mtoto mgongoni.

"Kasanda," Lugusha alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kasanda ameingia nyumbani kwangu."

"Baba Mihayo, ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Ni nani mwingine? Tangu siku nilipolitundika anatucheka. Ametaka niaibike mbele ya wakwe, na leo nitamwonyesha." Alikuwa amekwisha kuchukua fimbo.

"Weka hiyo fimbo, Lugusha," alisema Bibi Sizya kutoka pale kwenye ngozi.

"Mama, haya si ya kwako."

"Nimesema weka. Kasanda hajaingia humu. Mimi ndiye mlinzi, ningemwona." Kikongwe alikuwa anachezea ushanga wake, hamtazami mtu. "Mimi nimechovya."

Lugusha akasimama.

"Uji mtupu mdomoni mwangu ni kama udongo," Bibi Sizya aliendelea. "Nikasimama kitandani, nikashika boriti, nikachovya. Nilisema, mimi ni mzee, nitakula kiasi gani? Siku nyingine nikasema hivyo hivyo. Lakini mwanangu, wallahi, mimi peke yangu sikuweza kulimaliza buyu hili. Mdomo wangu hauna nguvu hiyo."

"Hukulimaliza peke yako, mama," Kalunde alisema, na machozi yalikuwa yameanza. "Mtoto alikuwa anakohoa. Alipopona kikohozi nikampa kwa sababu analia. Halafu akawa halii, nikampa kwa sababu amezoea. Nilikuta nta nzima, mama, kila mara nilikuta nta nzima!"

"Na mimi nilikuta nzima," alisema Bibi Sizya kwa mshangao.

Wakamgeukia Mihayo, maana alikuwa anarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea ukutani.

"Na wewe, bwana harusi?" mama yake akamwuliza.

"Nilikuwa nampelekea Nyamizi."

"Unampelekea nini?"

"Asali. Kwenye kibuyu kidogo. Nikienda kumwona siwezi kwenda mikono mitupu, mama, kule kuna vijana wengine wanapita."

Kalunde alimtazama mwanawe, akashindwa kujua acheke au alie. "Umemhonga binti wa watu kwa buyu lake mwenyewe!"

Siku nyingine yoyote wangecheka mpaka wakae chini. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Walibaki wanamtazama Lugusha, wakingoja awafokee. Lugusha alikuwa ameshika fimbo mkono mmoja na buyu mkono mwingine, na jasho lilikuwa linamtoka. Alikuwa anakumbuka wageni wake. Alikuwa anajaribu kuhesabu, na hesabu ilikuwa haishikiki.

"Mimi ndiye niliyelifungua," alisema mwishowe. "Nyote mlikuta nta yangu."

Fimbo aliiegemeza ukutani. Ilimpitia fikra ya kuchemsha maji, kuyatia ndani, na kuitikisa asali iliyogandamana mle chini mpaka buyu lipate uzito. Alilisema hilo kwa sauti, na Mihayo akatazama juu kwa tumaini. Kalunde akakataa. "Mzee Ntabo naye ni mrina asali," alisema. "Ataonja mara moja. Leo tuna aibu ya buyu tupu. Usituongezee ya uongo." Basi wakachukua buyu vile lilivyokuwa, wakaenda.

Kwa Mzee Ntabo watu walikuwa wamejaa uani. Mzee alilipokea buyu kwa mikono miwili, kama desturi, na wote walioona mikono yake ilivyopanda juu haraka waliacha kuimba. Hakubandua nta. Aliliweka chini taratibu akamwuliza Lugusha, "Mlikuwa na mgonjwa?"

"Kikohozi cha mtoto tu."

"Njaa iliingia?"

"Hapana, mzee. Ghala lina akiba."

"Mliibiwa? Mliunguliwa?"

"Hapana."

"Basi imekwenda wapi?"

Lugusha angeweza kumtaja Kasanda. Hakuna ambaye asingemwamini. "Tumeichovya," alisema. "Sote. Kila mtu kidogo, na kila mtu hakujua mwenziwe."

Mzee Ntabo alilitazama buyu pale chini. Hakuwa mtu mbaya, na binti yake alikuwa analia ndani kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Ungeniambia mmeuguza mtu, ningekupa binti sasa hivi na asali ya kuuguzia," alisema. "Ungeniambia nyumba iliungua, ningekuja kuijenga. Nyumba iliyopatwa na janga naielewa. Lakini nyumba isiyopatwa na lolote, na kitu kimekwisha, hiyo naiogopa, Lugusha. Nitamwambia nini mwanangu kwamba kitamlinda humo? Simkatai Mihayo. Rudini msimu ujao na buyu lililojaa."

Wakarudi. Bibi Sizya alikuwa bado kwenye ngozi yake karibu na mlango. Macho yake yalikuwa mabovu, akawa anawahesabu kwa vivuli wanavyoingia uani. Walipokwisha kuingia wote aliendelea kutazama njia.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Njia ilikuwa tupu. Alianza kuvua ushanga, vidole vikimsumbua kwenye fundo, mpaka Kalunde akapiga magoti akamsaidia.

Mwaka uliofuata waliishi vingine. Nyuki walirudi na mvua, Lugusha akarina, buyu likaanza kujazwa. Siku lilipotundikwa Kalunde alisimama mbele ya wote akasema kwamba mwiko huo yeye haufuati tena, na kama kuna dhambi iwe juu yake. Kila mwezi ulipoandama, aliwaita, buyu likashushwa, na kila mtu wa nyumba ile alilinyanyua kwa mikono yake huku wenzake wakimtazama. Hakukuwa na maneno. Mikono ilitosha. Na pembeni alitundika kibuyu kidogo, cha wageni, cha vikohozi, cha Mihayo na safari zake. Aliyetaka kuchovya alisema mbele ya wote kwamba anachovya. Kibuyu kikiisha, kimekwisha, mgeni atakula kiazi na atasamehe. Na wageni walisamehe, kumbe.

Lakini Bibi Sizya hakuchovya tena, hata kwenye kibuyu. Kalunde alimtilia tone kwenye uji, akageuza uso. Ulipoingia msimu wa baridi alikuwa haamki. Buyu lilikuwa juu yake, limebakiza kidogo tu kujaa, maua ya mwisho bado hayajatoka. Lugusha alikaa naye siku nzima. Alimwambia, "Mama, nivumilie. Nitakwenda kwa Mzee Ntabo leo, nitapiga magoti, nitamwomba amtoe binti hata kwa siku moja aje akupikie uji."

"Usiende kuomba," kikongwe alisema. "Buyu bado."

"Ni kosa langu. Mimi ndiye niliyelifungua."

"Wewe ulifungua, mimi nikaendeleza. Mimi ndiye mlinzi, Lugusha. Nimeila harusi ya mjukuu wangu kidogo kidogo, na kila mara nikijiambia sijala kitu." Akapumzika, kisha akasema, "Usije ukamtafuta mwizi. Hakuna mwizi. Chovya chovya humaliza buyu la asali."

Alizikwa kabla buyu halijajaa.

Harusi ilifanyika msimu wa kurina ulipokwisha. Buyu lilikuwa zito, Mzee Ntabo alilipokea akayumba, na watu wakapiga vigelegele. Nyamizi aliingia nyumbani kwa Lugusha, na kesho yake asubuhi akapika uji wake wa kwanza. Aliuliza ampelekee nani. Wakamwelekeza kwa Lugusha, maana sasa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba.

Lugusha alilipokea bakuli kwa mikono miwili. Uji ulikuwa mzuri, umetiwa asali, unatoa moshi. Wageni wa harusi walikuwa wamekaa pale wanangoja anywe, maana ndipo na wao wapewe chakula. Hakunywa. Mkamwana akafikiri amekosea kitu. Mgeni mmoja akasema kwa utani, "Mzee, kwani uji nao unataka meno?" Lugusha akalia mbele ya watu wote, mwanamume mzima, akawaeleza yote, ya rafiki yake na kijiti, ya nta, ya mama yake na ushanga. Na maneno ya mama yake akayasema kama alivyoyasikia. Wageni walitoka kwenye harusi ile, kila mmoja akarudi kijijini kwake nayo mdomoni. Ndivyo methali ilivyoanza kutembea, mpaka leo imefika kwa babu yenu, mtu asiyejua kueleza kitu.

Umeacha kununa, Zengo. Na wewe, mke mwenzangu, choroko zinakumwagikia.

Unasemaje, Agripina? Kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekula asali nyingi?

Hakuna, mjukuu wangu. Kama angekuwepo angekamatwa. Mlikuja hapa mnamtafuta huyo huyo, mla nyingi, aliyekula mshahara wenu. Mmeapa si pombe, si kamari, na mimi nawaamini kabisa, kama ninavyomwamini Kalunde na Lugusha na yule kikongwe aliyekufa anangoja uji. Hamtamwona, kwa sababu hayupo. Rudini kwenu mkalishushe hilo buyu lenu la mshahara, mlinyanyue wote wawili, mmoja akimtazama mwenziwe. Chovya chovya humaliza buyu la asali.